Somo: Kutembea kwa miguu kutoka Busia hadi Namugongo, na namna ya kupokewa njiani

Ndugu zangu, kila mwaka Pasaka ikishapita maswali ya hija ya Namugongo, kule Uganda kwa Mashahidi wa Uganda tunaowaadhimisha Juni 3, ni yale yale: nitalala wapi, nitakula nini, tunaondoka lini. Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu, basi nayaandika yote hapa. Ukiuliza lililokwisha jibiwa nitakurudisha juu usome.

Haya ni ya njia ya Busia. Wanaotoka upande wa Bungoma huvukia Malaba na kupita Tororo, nasi tunaungana nao kabla ya Bugiri.

1. Jiandikishe parokiani kwako mapema. Hakuna njia ya mkato.

2. Karatasi. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho, si lazima pasipoti. Pita dirishani upewe hati ya kuingia hata kama wenzako wanakwambia mpaka uko wazi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano unaihitaji, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo usichomwe sindano leo ukitaka kuvuka kesho.

3. Siku. Kutoka Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 200: Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi, Mukono, kisha Namugongo. Mtu wa kawaida akienda kilomita 30 kwa siku anafika kwa wiki moja. Sisi huvuka mpakani Mei 25, siku novena (sala za siku tisa kabla ya sikukuu) inapoanza, tukawa Namugongo kabla umati haujajaa. Ukipanga kuingia usiku wa kuamkia Juni 3, utakesha umesimama.

4. Miguu. Viatu vilivyokwisha zoea mguu wako, soksi mbili za kubadilisha. Anza saa kumi alfajiri, pumzika jua likiwa utosini, malizia alasiri. Tembeeni upande wa kulia wa barabara ili magari yaje mkiyaona, na wa mbele na wa mwisho wavae jaketi za riflekta. Mei ni mvua. Funga nguo kwenye mifuko ya plastiki ndani ya begi.

5. Kupokewa njiani. Hapa naomba usome taratibu.

Wengi wanadhani ukarimu wa njiani hutokea tu, kwamba ukifika mahali jioni mlango unafunguka. Mlango hufunguka kwa sababu kuna watu walioamka mapema kukuandalia. Padre wenu huandika barua kwa paroko wa huko, na kuna majimbo ya Tororo, Jinja, Lugazi na Kampala njiani, kwa hiyo si barua moja. Paroko humkabidhi katekista wa kigango (kanisa dogo la kijijini chini ya parokia), katekista huzipelekea jumuiya (vikundi vya waumini majirani), na kila jumuiya hujua italeta nini: huyu kuni, huyu unga wa posho (ugali), huyu maharagwe, yule mikeka. Vijana husogeza madawati ya shule ya msingi ukutani ili mpate pa kujinyoosha. Maji huja kwa dumu la lita 20 lililofungwa kwenye baiskeli, mtoto akiisukuma kutoka kisimani, na wakati mwingine kisima kiko mbali. Yote haya hupangwa kwa idadi mliyoitaja kwenye barua.

Mwaka mmoja kundi letu liliandika watu arobaini, likafika na zaidi ya sitini. Wengine walijiunga njiani, nasi tukafurahi kwamba tunaongezeka, hakuna aliyekumbuka kupiga simu. Kigango chenyewe kiko mashambani Busoga, barabara ya murram, kanisa la matofali lisilopigwa plasta. Akina mama walipoona foleni haiishi na sufuria inaonyesha chini, waliondoka mmoja mmoja bila kusema neno. Wakarudi na viazi vitamu vilivyofunikwa kwa majani ya ndizi, vya moto, chakula cha jioni cha watoto wao. Wakatupakulia. Hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyetuuliza kwa nini tumekuwa wengi. Sisi tulishiba. Nyumbani kwao sijui walikula nini usiku ule, na sitaki kundi lingine liwaweke watu mahali kama pale.

Kwa hiyo tahadhari:

Piga simu kwa katekista jioni moja kabla ya kufika, tena asubuhi ile, umpe idadi ya kweli. Mkiongezeka, mwambie. Mkipungua pia mwambie, chakula kisimwagwe.

Fikeni kabla jua halijatua. Ukifika usiku unamlazimisha mama aliyepika tangu saa nane akae akikungoja.

Msichague chakula. Ikiwa ni posho na maharagwe kila siku, kuleni posho na maharagwe kila siku.

Beseni moja la maji kwa mtu mmoja, mguu na mwili. Kumbuka ile baiskeli.

Gari la mizigo libebe sukari, chumvi, sabuni na mchele wa kuwaachia wenyeji, vikabidhiwe kwa katekista au mwenyekiti wa jumuiya mbele ya wote. Usigawe pesa kwa watoto. Kundi litakalofuata litakuta watoto wananyoosha mikono barabarani badala ya kuwa shuleni.

Jambo la mwisho katika hatua hii: Busoga na Buganda, mwanamke au msichana anaweza kupiga magoti kukusalimu au kukupa kikombe cha maji. Wakenya wengi hushtuka, wanamvuta mtoto asimame. Usimvute. Pokea kwa mikono miwili, inama kidogo, mjibu salamu kwa utulivu, mshukuru. "Webale nyo", yaani asante sana, watakuelewa kote.

6. Baada ya Jinja mnaingia msitu wa Mabira. Mchana tu, pamoja, bila mtu kubaki nyuma. Darajani kwenye mto Naili msipige picha ovyo, askari wapo.

7. Namugongo. Fuateni kiongozi wenu, simu na pesa ziwe kifuani, na mkubaliane pa kukutana mtu akipotea. Kanisa utalitambua kwa mbali, lina umbo la msonge wa Kiganda na limebebwa na nguzo 22, idadi ya mashahidi Wakatoliki. Altare iko mahali Karoli Lwanga, kiongozi wao, alipochomwa moto Juni 3, 1886. Ingieni mapema mkae kimya kidogo kabla ya msongamano.

MASWALI

Bwana Webuye: Mkuu ni kilomita ngapi na chakula mnanunua ama mnapewa?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 5.

Kijana wa Matayos: Mimi kazi hainiruhusu kujiandikisha. Nitawapata tu Bugiri, si barabara ni ya kila mtu?

Jibu: Barabara ni ya kila mtu. Sufuria ya kigango ina kipimo. Rudia hatua ya 5.

Kijana wa Matayos: Basi mmeifanya hija kuwa ya wale walio kwenye orodha.

Jibu: Hapana. Kujiandikisha hakulipiwi, ni jina na namba ya simu, na unaweza kumtuma jirani akuandikishe. Ukishindwa kabisa, tembea nasi mchana, jioni ujitafutie chumba mjini na chakula chako. Watu wengi hufanya hivyo na hatumfukuzi mtu. Nisichokubali ni mtu kuja na mdomo wake kwa mama ambaye hakumhesabu.

Mama Nekesa: Mwanangu, nina miaka sitini na mitatu na sukari kidogo. Roho inataka, magoti ndiyo yanabishana. Nitaweza?

Jibu: Mama, karibu sana. Kwanza muone daktari wako akuambie kuhusu dawa na kula kwa saa, maana njiani chakula hukaa mbali na chakula. Kila siku kagua nyayo zako, mwenye sukari anaweza kuumia asisikie. Gari la mizigo hubeba waliochoka, na kupanda gari kipande fulani hakukuondolei hija. Ukiona safari yote ni ndefu, iko nyingine fupi: anzia Munyonyo, upande wa ziwani wa Kampala, utembee hadi Namugongo. Hiyo ndiyo njia waliyopitishwa mashahidi wenyewe baada ya kuhukumiwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Andrea Kaggwa na Denis Ssebuggwawo waliuawa kule kule Munyonyo, Ponsiano Ngondwe akauawa njiani Ttakajjunge, Atanasi Bazzekuketta Nakivubo. Ukiitembea polepole, ukisimama kuwaombea na kuomba kwao, umehiji, mama. Nitumie ujumbe nikuunganishe na akina mama wa umri wako.

Mwanakwaya ACK: Mimi ni Mwanglikana. Nitakubaliwa kwenye kundi lenu au nitaonekana mgeni?

Jibu: Ndugu, umeuliza vizuri. Waliouawa wakati ule, kati ya 1885 na 1887, 22 walikuwa Wakatoliki na 23 Waanglikana, na kule Namugongo baadhi ya hawa na wale walichomwa pamoja. Kanisa la Uganda, lile la Kianglikana, lina mahali pake pa hija karibu na petu, na Juni 3 Waanglikana nao huadhimisha kwao. Tembea nasi, sali nasi rozari ukipenda au nyamaza tukisali, siku yenyewe uende kwenu. Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alianzia kwenye mahali penu kabla ya kuja petu. Tena wanaotupa maji njiani si Wakatoliki pekee. Iganga Waislamu ni wengi, na nimepewa chai dukani kwa mzee wa Kiislamu aliyekataa katakata kulipwa. Akaniambia niliombee duka lake nikifika. Nililiombea.

Fundi Viatu: Malengelenge mnafanyaje?

Jibu: Usipasue. Paka vaselini miguuni kila alfajiri kabla ya soksi, kabla ya maumivu, si baada. Jioni loweka miguu kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, lakini mwenye sukari asiloweke.

Fundi Viatu: Na kiatu kipya cha michezo kizuri?

Jibu: Kizuri kwa kanisani. Kwa barabara vaa kile ulichokanyagia miezi miwili.

Mama Nekesa: Asante mwanangu. Wanaopenda gonja (ndizi) ya kuchoma, si ni pale Najjembe?

Jibu: Pale pale, mama, ndani ya Mabira. Gonja na kuku wa mishikaki. Wauzaji hukukimbilia wakidhani umeshuka kwenye basi, wakiona fimbo ya hija wanakuongezea kipande.

Kagera Kwetu: Sisi tuko Bukoba. Kuna wa kutuelekeza?

Jibu: Kwenu ni Mutukula, Kyotera, Masaka, Lukaya, Mpigi, kisha Kampala. Mstari wa ikweta mtaukuta Kayabwe. Mtanzania aje na pasipoti au hati ya dharura ya safari, kitambulisho cha taifa peke yake hakimtoshi, tofauti na sisi Wakenya. Mambo ya barua na idadi ni yale yale, na msisitizie wale wa Masaka, wao hupokea makundi mengi yakiwemo ya Waganda wenyewe. Mkifika nitafuteni, nataka kujua wenyeji wa upande ule wanahitaji nini.

Bwana Webuye: Samahani nimesoma sasa. Kurudi je?

Jibu: Asante kwa kusoma. Lipia basi la kurudi kabla ya Juni 3. Jioni ile barabara ya Kyaliwajjala haipitiki na nauli hupanda, kwa hiyo kundi letu hulala tena usiku mmoja na kuondoka asubuhi ya tarehe 4. Basi likisimama Iganga, shuka na kilo mbili za sukari, katekista wetu wa hapo huwa anatungoja stendi.