Kagua moshi wa gari la mtumba kabla hujalipa: mwongozo wa fundi wa Malindi

Gari la Japani linaloteremshwa bandari ya Kilindini huwa limekwisha kupita mtihani wa moshi huko Japani. Swali la mnunuzi wa Malindi ni jengine: vile vifaa vilivyolipitisha, vingalimo? Miaka mingi nalala chini ya magari hapa mtaa wa Barani, na nimewaona watu wakilipia gari zima wakakabidhiwa gari lililotolewa matumbo. Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe injini.

Hatua ya 1: Soma herufi za kibati

Fungua boneti au mlango wa dereva, utafute kibati cha mtengenezaji. Toyota Premio nyingi za hapa zimeandikwa DBA-NZT260. Wanunuzi husoma NZT260 wakaziruka herufi tatu za mbele, na hizo ndizo zinazoeleza moshi. Ya kwanza ni kiwango: A ni gari lililotimiza sheria ya Japani ya 2005 bila ziada, C limepunguza sumu kwa asilimia 50 kuliko sheria ilivyotaka, D kwa asilimia 75. Ya pili ni mafuta: B ni petroli, A ni haibridi, yaani petroli pamoja na umeme, D ni dizeli. Ya tatu, A, ni gari la abiria. Magari ya sheria ya 2018 huanza kwa tarakimu, kama 3BA, 5BA au 6AA, na tarakimu ikipanda sumu imepungua.

Ukisikia watu wakitaja Euro 4, hicho ni kiwango cha Ulaya kilichoanza 2005. Kwa gari la petroli kiliruhusu gramu 0.08 za oksidi za naitrojeni, moja ya sumu za moshi, kwa kila kilomita. DBA ilitakiwa isizidi gramu 0.013. Namna za kupima hazifanani, kwa hivyo usizilinganishe kama kilo kwa kilo, lakini DBA iliyo kamili ni gari safi. Ukiona kibandiko chenye nyota nne kwenye kioo cha nyuma, kinasema habari hiyohiyo.

Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Hiyo inakusaidia kwa gari la melini tu. Gari ambalo limeshatembea Pwani mikono mitatu, kibati chake kinaeleza lilivyozaliwa, hakielezi lilivyo leo.

Hatua ya 2: Ikiwa ni dizeli, jiulize utaendesha wapi

Hapa naomba unisikilize sana. Kutoka Euro 4 kwenda Euro 5, masizi yanayoruhusiwa kwa gari la dizeli yalishuka kutoka gramu 0.025 hadi 0.005 kwa kilomita. Ndipo kichujio cha masizi kikawa hakikwepeki. Kichujio hukusanya masizi, kisha huyachoma kwa joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo halipatikani gari likisimama kila baada ya dakika tano.

Jirani yangu alinunua gari dogo la dizeli, herufi zake LDA, yaani sheria ya Japani ya 2009. Safari zake zilikuwa nyumbani, sokoni, shule, nyumbani. Kichujio kikaziba, gari likakosa nguvu. Akapata mtu wa kukipasua na kukitoa cha ndani. Gari lilipata nguvu, na sasa linatoa wingu jeusi mlangoni mwa shule ya wanawe mwenyewe. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2012. Niliumia kuliona.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Mwaka 2015 dizeli ya Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, kiwango kinachoendana na Euro 4. Euro 5 na Japani hutumia 10. Basi kama wewe hufanyi safari ndefu ya Mombasa hata mara moja kwa wiki, nunua petroli.

Hatua ya 3: Taa ya injini

Zungusha ufunguo bila kuwasha. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa au kuiziba. Halafu chomeka skana, kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Kosa P0420 maana yake kataliti, kile kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi, haisafishi tena. Hata kama hakuna kosa, tazama orodha ya majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia: yakiwa mengi hayajakamilika, huenda makosa yamefutwa asubuhi hiyohiyo.

Hatua ya 4: Lala chini

Kataliti ina platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana hutolewa na kuuzwa. Injini ikiwa baridi, fuata ekzosi kutoka injini hadi silensa. Ukikuta bomba jipya lililonyooka au welding ya juzi, uliza. Gonga kataliti kwa ngumi: ikilia kama kopo lenye kokoto, imevunjika ndani. Magari mengine huwa nayo jirani kabisa na injini, chini ya bati la kukinga joto.

Angalia pia maungio. Chumvi ya bahari hula ekzosi za huku haraka. Tundu dogo mbele ya senza ya oksijeni huingiza hewa, senza ikadhani mafuta ni machache, kompyuta ikaongeza. Unalipa petroli zaidi na moshi unazidi.

Hatua ya 5: Washa

Simama nyuma. Buluu ni oili inaungua, nyeusi ni mafuta kupita kiasi. Nyeupe isiyoisha injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda.

Hatua ya 6: Bei

Kataliti ikikosekana, usikubali "utawekewa baadaye". Ulizia kwanza bei ya nyingine, ikatwe kwenye bei ya gari, na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano kabla ya kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Muuzaji akikataa gari lisiinuliwe kwa jeki, mwachie gari lake.