Seramu ya uso ya bei nafuu: igeuze chupa kwanza

Maneno ya mbele ya chupa, "hung'arisha na kukaza ngozi", ni ya kuuzia. Ukweli uko nyuma, kwenye orodha ya viambato, inayopangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Tafuta Niacinamide, aina ya vitamini B3, au Ascorbic Acid, ambayo ndiyo vitamini C. Kisha tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 1. Kile unachokilipia kikiwa kimeandikwa chini ya hicho, ujue kimetiwa cha kuonjesha tu. Niacinamide huanza kufanya kazi kwenye asilimia 2 hadi 5. Vitamini C kwenye 10 hadi 20.

Ukikuta Hydroquinone, Mercury (zebaki) au Calomel (chumvi ya zebaki), rudisha chupa kwenye rafu. Huo ni mkorogo uliovalishwa suti, na zebaki huharibu figo.

Mwenye ngozi ya mafuta, chunusi au inayowashwa upesi aanze na niacinamide ya asilimia 5. Vitamini C ina asidi kali, kwa hiyo mwanzoni asilimia 10 yatosha. Usivutwe na namba kubwa: ngozi nyeusi ikishawashwa huacha doa, na doa hilo laweza kukaa miezi. Utakuwa umenunua ugonjwa uliokuja kuutibu.

Ndiyo maana jaribio halirukwi. Paka tone moja nyuma ya sikio kila usiku, siku 3 mfululizo. Kuchonyota kwa dakika moja ni kawaida ya vitamini C. Ikiendelea kuunguza, ikivimba au ikitoa vipele, osha na uachane nayo.

Ikikukubali, itumie asubuhi moja, ruka moja, kwa wiki 2, kisha kila siku. Nawa kwa sabuni laini na ufute maji yote, kwa sababu vitamini C huchonyota zaidi kwenye ngozi mbichi. Matone 3 au 4 yatosha uso na shingo. Yadondoshee kiganjani, mpira wa kuvutia usiguse ngozi ukabeba uchafu kurudi chupani. Bonyeza taratibu, usisugue. Subiri dakika 2, paka losheni yako, halafu losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha mistari miwili iliyojaa vidole viwili. Bila hiyo ya mwisho seramu ni hela ya bure: jua hurudisha madoa kasi kuliko seramu inavyoyafifisha. Yenye rangi ya kahawia ni bora kwa madoa, kwani oksidi za chuma zilizomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana.

Uso ukitoa vinyuzi kama vya kifutio cha penseli, umepaka nyingi mno au hukusubiri. Ukikauka na kubanduka, mara nyingi umeichanganya na skrabu, retinol (vitamini A ya kupaka) au limau. Limau tupa kabisa. Retinol iwe ya usiku, baada ya ngozi kuzoea, na mjamzito asiiguse.

Kuhusu kukaza, tusidanganyane. Ule mvuto wa papo hapo ni utando unaokauka juu ya ngozi, nao huondoka kwa maji. Vitamini C husaidia ngozi kutengeneza kolajeni, protini inayoipa uimara, lakini hainyanyui mashavu yaliyolegea. Mng'ao hutokea kwenye wiki ya 4 hivi, madoa yafifie kati ya wiki ya 8 na ya 12. Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, kioo husahau.

Chupa ya mililita 30 ina matone kama 600, karibu miezi 5 kwa matone 4 kwa siku. Vitamini C ikishafunguliwa kwa kawaida haifiki huko, hasa kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa. Nunua ya mililita 15, kaza kifuniko, iweke kwenye mlango wa friji. Ikigeuka rangi ya chai ya rangi, mwaga.