Kuchora Gabrieli na Maria kwa Njia ya Mafundi wa Flanders

Mchoro tutakaoufuata ni wa Jan van Eyck, fundi wa Bruges, mji wa Flanders (sasa Ubelgiji), wa miaka ya 1434 hadi 1436 hivi: malaika Gabrieli anampasha Maria habari (Luka 1:26–38). Sasa uko Washington, kwenye Jumba la Taifa la Sanaa. Kabla hujanunua hata brashi, shika jambo hili: mwanga wa michoro hii hautoki kwenye rangi nyeupe ya juu. Unatoka chini, kwenye tabaka jeupe la chaki lililo chini ya rangi, na kazi yako yote ni kuulinda.

Hatua ya 1: Ubao

Mafundi wa Flanders walitumia mwaloni, mwingi ukiletwa kwa meli kutoka nchi za Baltiki. Ukiukosa, tafuta ubao mgumu uliokauka kabisa, usio na vifundo. Epuka msaji, una mafuta, na gundi haishiki vizuri.

Hatua ya 2: Gundi na chaki

Hapa usiharakishe. Loweka gundi ya ngozi usiku kucha, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, kisha ipashe kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto. Isichemke. Niliwahi kuiacha ikachemka. Ikapoteza nguvu, na miezi michache baadaye uso wa mchoro ukaanza kubanduka, uso wa Maria ukiwa wa kwanza. Iliniuma sana.

Paka gundi tupu, subiri siku 1. Halafu nyunyiza unga wa chaki kwenye gundi ya vuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi. Koroga taratibu, maana mapovu huacha vitundu. Paka tabaka 6 hadi 8, moja kwa urefu, linalofuata kwa upana. Zikikauka, piga msasa hadi uso uteleze kama kaure. Waitalia walitumia jasi. Chaki ni ya mafundi wa kaskazini.

Hatua ya 3: Mistari

Chora kwa brashi nyembamba na wino mweusi, vivuli ukivijaza kwa mistari midogo. Ukitaka kuona walivyofanya, tazama Mtakatifu Barbara wa Van Eyck, wa 1437, ulioko Antwerp: karibu wote ni mistari mitupu, rangi imegusa anga tu. Wino ukikauka, paka tabaka jembamba sana la mafuta ya kitani ili chaki isinywe rangi.

Hatua ya 4: Rangi

Joho la Maria ni la buluu. Mafundi wa wakati ule mara nyingi walitanguliza azuriti, rangi ya buluu ya madini, kisha juu yake ultramarini ya jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, iliyokuwa ghali mno. Ultramarini ya kiwandani inatosha. Ichanganye na mafuta ya kitani mpaka ipitishe mwanga, ipake nyembamba, ngoja ikauke siku kadhaa, rudia. Penye kivuli ongeza tabaka; penye mwanga acha 1 tu. Usiweke nyeusi kwenye vivuli, inaua mwanga wa chaki iliyo chini. Rangi ikizidi, ipunguze kwa kuigonga na ncha ya kidole.

Nguo ya Gabrieli inayometa kama dhahabu ni rangi tu: kahawia, njano, na vidoa vya njano iliyopauka pale nyuzi zinapopokea mwanga. Nyeupe ya risasi waliyoitumia ni sumu. Tumia nyeupe ya titani, kidogo, kwa sababu inafunika sana.

Hatua ya 5: Sakafu

Usiirahisishe. Kwenye vigae Van Eyck aliweka Daudi akimuua Goliathi na Samsoni akiangusha hekalu la Wafilisti, Agano la Kale likiwa chini ya miguu ya habari mpya.

Hatua ya 6: Maneno

Maneno yao yameandikwa ndani ya mchoro. Salamu ya Gabrieli, "umejaa neema", inakwenda kutoka kwake kuelekea kwa Maria. Jibu la Maria, "mimi ni mjakazi wa Bwana", liko juu chini na linarudi kuelekea kwa malaika, kwa kuwa msomaji wake yuko mbinguni. Andika la Gabrieli kwanza. Likikauka, geuza ubao juu chini, kisha andika la Maria kama kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia.