Kadi za kujifunzia maneno ya Kijerumani na boksi la vyumba vitano

Kunja manila ya A4 katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo: umepata kadi nane. Boksi la viatu ligawe vyumba vitano kwa vipande vya katoni.

Mbele ya kadi andika Kiswahili, nyuma Kijerumani. Nomino iandikwe pamoja na artikeli (der, die au das) na wingi wake: die Brücke, die Brücken. Ukiviacha, utakuja kujifunza neno lilelile mara ya pili. Upande wa Kiswahili nao usiwe na utata. Kadi yenye "kwenda" tu haijibiki, maana gehen ni kwenda kwa miguu na fahren ni kwenda kwa chombo. Andika hivyo hivyo.

Kadi mpya huanzia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Cha pili hupitiwa kila baada ya siku 2, cha tatu 4, cha nne 8, cha tano 16. Ukipatia, kadi inasogea mbele chumba kimoja. Ukikosa inarudi cha kwanza, hata ikiwa ilishafika cha tano. Tamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi, la sivyo kila neno utajiona unalijua. Vyumba hivi ni wazo la mwandishi Sebastian Leitner, la mwaka 1972.

Wengi huangushwa na hesabu. Kadi 10 mpya kwa siku zinaonekana chache, lakini kila moja inazunguka vyumba vyote kwa siku 31, ikipitiwa mara tano. Mwezi ukiisha una kadi kama 50 za kupitia kila siku, na hapo hujakosa hata moja. Ukianza na 20, ni 100. Ukizidiwa, simamisha mpya, za zamani ziendelee.

Anki, programu ya kadi za kwenye simu au kompyuta, hupanga siku yenyewe. Tatizo lake kubwa ni vitufe: cha kwanza ni cha aliyesahau, cha pili ni cha aliyekumbuka kwa shida. Ukibonyeza cha pili huku umesahau, programu inahesabu umepatia na kuliahirisha neno usilolijua.

Kadi inayorudi nyuma kila mara ina kasoro. Usikazane na kadi, itafute kasoro. Mara nyingi ni maneno yanayofanana yaliyoingizwa pamoja: Küche ni jiko (chumba cha kupikia), Kirche ni kanisa, Kuchen ni keki. Toa mawili, bakiza Küche, na Kirche uirudishe Küche ikishafika chumba cha nne.