Pedali ya breki ikizama kwenye pikapu ya zamani

Kabla ya kushuka Marangu kwenda Himo, kanyaga breki kwa nguvu gari likiwa limesimama, ushikilie sekunde 30. Pedali ikizama taratibu na nje hakuna uvujaji, raba za masta silinda (pampu kuu ya breki) zimekwisha; oili ya breki inapita ndani kwa ndani. Kuongeza oili hakusaidii kitu.

Ikibonyea kama sponji, kuna upepo kwenye mabomba ya breki; utoe. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mmoja akanyage na kushikilia, mwingine afungue nipo (skrubu ya kutolea upepo nyuma ya gurudumu) robo mzunguko, aifunge kabla pedali haijaachiwa. Rudia hadi mapovu yaishe, chupa ya oili juu ya masta silinda isikauke. Na tafadhali, raba usizioshe kwa petroli wala dizeli: zinavimba, breki inang'ang'ania.

Gari likivuta kulia ukifunga breki, upande wa kushoto ndio dhaifu: fungua dramu (kifuniko cha breki cha gurudumu) ya kushoto kwanza. Inua ukingo wa kifuniko cha raba kwenye silinda ya gurudumu. Kukiwa na oili, silinda hiyo inavuja. Breki shuu (vipande vinavyosugua dramu) zilizolowa badilisha pande zote mbili.

Usukani ukicheza, mwenzako autikise huku wewe umeshika tairodi endi (viungo vya usukani kwenye magurudumu) moja moja. Iliyokufa utaisikia ikigonga kiganjani.