Jinsi ya kuitazama San Junipero kwa jicho la kifo, imani na ndoa

Sehemu ya tamthilia ya Black Mirror iitwayo San Junipero, iliyotoka mwaka 2016, inafaa kutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza ifuate hadithi tu. Mara ya pili, ukishajua kwamba mji wa starehe wenye jina hilo ni makazi ya kidijitali ambamo nafsi za wafu huhifadhiwa, msikilize Kelly, mmoja wa wahusika wakuu wawili, kila anapogusia marehemu wake. Usivutwe mno na mapenzi yake na Yorkie, mwanamke anayekutana naye humo. Kiini kimo katika ugomvi wao baada ya harusi, Kelly anapofichua kwamba marehemu mumewe, aliyeishi naye miaka 49, alikataa kuingia humo kwa kuwa binti yao alifariki kabla teknolojia hiyo haijakuwapo. Simamisha video hapo ujiulize ni uaminifu gani anaodaiwa mjane. Kelly haamini kwamba mumewe na binti yao wako popote, hivyo kusita kwake, kwa maoni yangu, kunatokana na ahadi kuliko dini. Mkitazama wawili, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya kuanza mazungumzo, maana wenzi huafikiana upesi mno.