Kupima sumu ya tope la mdomo wa Mto Msimbazi kwa amfipodi

Kemia ya maabara itakwambia tope la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, karibu na Daraja la Salender lina risasi, zinki au kromi kiasi gani. Haitakwambia kama viumbe waliomo wanadhurika. Katika tope jeusi lisilo na hewa, metali nyingi hushikana na salfaidi (misombo ya salfa), na zikishashikana madhara yake hupungua sana. Jibu analo mdudu anayeishi humo. Kipimo kilichozoeleka ni cha siku 10 kwa amfipodi, vijidudu vya jamii ya kamba vinavyochimba tope, kwa utaratibu wa shirika la mazingira la Marekani, EPA.

Wamarekani hutumia Leptocheirus plumulosus, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na chumvi ya gramu 20 kwa lita. Usiagize spishi ya kigeni ikaja kuponyokea baharini. Tafuta mchimba tope wa pwani yetu kutoka ghuba safi, uchague wenye urefu wa milimita 2 hadi 4, uwazoeze maji ya maabara kwa siku mbili au tatu. Kabla ya kuwaamini, waweke siku 10 katika tope la kwao wenyewe. Wasiposalia 90 kwa kila 100, achana na spishi hiyo hata kama inapatikana kwa wingi.

Kuchota tope nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Vaa buti na glavu ndefu, maana maji yale yana kinyesi. Chota sentimita 2 za juu, au 5 ukitaka uchafu wa miaka ya nyuma, kwa kijiko cha plastiki. Ndoo ya bati usiiguse: imepakwa zinki. Lita 3 kwa kila kituo zinatosha. Jaza chombo hadi ukingoni pasibaki hewa, kwa sababu hewa huvunja salfaidi na kuzifungulia metali, nawe utapima sumu uliyoitengeneza njiani. Hifadhi gizani kwenye nyuzi 4 bila kugandisha, na uanze kipimo ndani ya wiki mbili.

Chota pia tope safi la aina mbili: la nyumbani kwa amfipodi, na la hori la mikoko lisilopokea maji ya mji, laini kama la Msimbazi. Wako amfipodi wanaokufa kwa ulaini wa tope tu, na bila tope hilo la pili utausingizia uchafu.

Maabarani, lisukume tope kwenye chekeche ya milimita 1 bila kuongeza maji, uondoe kaa, minyoo na amfipodi wenyeji. Koroga hadi rangi iwe moja. Weka mililita 175 katika bika (kopo la kioo la maabara) ya lita 1, kina cha sentimita 2 hivi, kisha mimina taratibu maji safi ya bahari yaliyorekebishwa chumvi hadi mililita 950. Andaa bika 5 kwa kila tope, na ya sita ya kupimia maji. Washa pampu ya hewa, bubujiko liwe dogo lisitibue tope, uache usiku kucha.

Kabla ya kuweka wanyama, pima amonia ya maji yaliyomo ndani ya tope. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Tope lenye maji ya vyoo huzalisha amonia kwa wingi, nayo huua hata pasipo metali wala mafuta. Kwa Leptocheirus kikomo ni miligramu 60 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi) ikiwa 7.7; kwa spishi yako kitafute mwenyewe. Ikizidi, badilisha maji ya juu mara mbili kwa siku hadi ishuke, ukilifanyia tope safi vivyo hivyo.

Weka amfipodi 20 kila bika. Asiyechimba ndani ya dakika 10 mbadilishe, isipokuwa kama anaingia na kutoka: huyo analikimbia tope, liandike. Taa iwake saa 24 ili wabaki chini, na usiwalishe. Kila siku kagua joto na hewa. Wanaonaswa juu ya maji wadondoshee tone la maji washuke.

Siku ya 10 chuja kwa chekeche ya milimita 0.5 uhesabu walio hai. Asiyeonekana ni mfu, kwani mizoga huoza upesi. Wanyama wengine wa kundi lile lile wajaribiwe pia kwa kloridi ya kadimi, chumvi ya metali yenye sumu, kwenye maji matupu, saa 96, ujue kama walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Walio hai katika tope safi wakishuka chini ya asilimia 90, rudia kipimo chote. Kituo kihesabike kuwa na sumu pale tofauti yake na tope safi inapofika pointi 20 za asilimia na takwimu zikaithibitisha.

Kisha mtafute muuaji. Rudia kipimo ukichanganya sehemu ya tope na unga wa mkaa wa vifuu vya nazi, ambao hushika mafuta na viuatilifu, nyingine na zeoliti, aina ya madini inayoshika amonia, na nyingine na resini ya kushika metali. Panapopona wanyama, ndipo penye jibu.